Tamthilia uliyoichoka shuleni isome tena kwa sauti, na wenzako

Tamthilia haikuandikwa isomwe kimyakimya. Sophocles, Shakespeare na Molière walitunga maneno ya kutoka kinywani mwa mtu mbele ya watu, na karatasi ilikuwepo ili mwigizaji ajue zamu yake. Darasani imebaki karatasi tu. Mwanafunzi mmoja anasoma ukurasa mzima kwa sauti moja bapa, wenzake wanapigia mistari tamathali za semi, na kesho yake swali linakuja: eleza muktadha wa dondoo hili. Ndiyo maana watu wazima wengi hukumbuka majina ya wahusika lakini hawakumbuki kama waliwahi kucheka.

Kinachotakiwa ni kidogo: watu wanne hadi wanane, nakala za mchezo mmoja, na saa mbili au tatu mfululizo. Mnasoma mchezo mzima kwa sauti, kwa kikao kimoja, kila mtu na wahusika wake. Hakuna kukariri, hakuna mavazi, hakuna hadhira. Vikao vya namna hii huvunjika katikati mara nyingi, na sababu zake karibu zote zinazuilika mapema.

Kuchagua mchezo

Angalieni urefu na idadi ya watu kabla ya umaarufu. Kosa la kawaida ni kuanza na Hamlet kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Ndiyo ndefu kuliko tamthilia zote za Shakespeare, na ikisomwa bila kupunguzwa huchukua takriban saa nne. Mkifika tendo la nne, nusu ya wasomaji wanatazama saa. Macbeth ni karibu nusu ya urefu huo, na inakwenda mbio: mfalme ameshauawa kabla tendo la pili halijafika katikati. Kwa Kiswahili ipo tafsiri ya Samuel Mushi, Makbeth, ya mwaka 1968.

Kikundi kidogo kianze na Mfalme Edipode ya Sophocles, ambayo Mushi huyohuyo aliitafsiri mwaka 1971. Inasomeka kwa saa moja na nusu hivi, na ina faida ambayo wengi hawaijui. Katika Athens ya kale waigizaji watatu waligawana wahusika wote wenye kusema, ukiacha korasi, yaani kundi la waimbaji, na Sophocles aliuunda mchezo wake kwa kufuata hesabu hiyo. Kwa hiyo wasomaji watatu wanatosha. Wa kwanza ni Edipode mwanzo hadi mwisho. Wa pili ni kuhani, Jokasta, mchungaji mzee, na yule mjumbe anayetoka ndani ya ikulu mwishoni. Wa tatu ni Kreoni, mtabiri Tiresia na mjumbe kutoka Korintho. Hakuna atakayejikuta anajibizana na nafsi yake. Tazama pia kinachotokea kwa msomaji wa pili: aliyekuwa Jokasta ndiye anayerudi kama mjumbe kueleza namna Jokasta alivyokufa. Kwenye karatasi jambo hilo halionekani kabisa.

Mkiwa wanane au zaidi, chukueni Juliasi Kaizari. Mwalimu Nyerere aliitafsiri mara ya kwanza mwaka 1963, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969. Ina umati wa watu, na umati ndio kazi nzuri ya kumpa mtu anayeona haya kusoma peke yake. Wanaotaka kucheka wapo Gogol na Molière. Mchezo wa Gogol wa mwaka 1836 kuhusu mji unaomdhania kijana mpitanjia kuwa ni mkaguzi kutoka serikalini unajulikana kwa Kiswahili kama Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na hauhitaji maelezo ya mwalimu hata kidogo. Kila mtu anamjua meya wa aina ile. Tartuffe ya Molière ina mtego wake: mhusika mwenye jina la mchezo haingii hadi tendo la tatu. Mtu aliyeomba sehemu hiyo kwa shangwe atakaa bubu matendo mawili mazima, basi mpeni kazi ya kusoma maelekezo ya jukwaa hadi zamu yake ifike. Anayekerwa na lugha ya kishairi amchukue Ibsen: mchezo wake wa mwaka 1879, A Doll’s House, kuhusu Nora na mumewe Helmer, una wahusika wakuu watano tu, na wanazungumza kama watu wanavyozungumza sebuleni.

Na msizipite zile zilizokuchosheni wenyewe. Kinjeketile na Mashetani za Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969 na ya 1971, ni tamthilia zinazopata hasara kubwa zikisomwa kimya. Nitazirudia huko mbele.

Kabla ya kukubaliana, pimeni muda. Msichukue kurasa za mwanzo, kwa sababu mwanzo huwa na maelezo mengi na majibizano machache. Fungueni katikati, someni kurasa mbili kwa sauti, tazameni saa, kisha zidisheni kwa idadi ya kurasa. Ongezeni sehemu moja ya tano kwa ajili ya kicheko, maji na kupotea njia. Jumla ikipita saa mbili na nusu, ama mpunguze, ama mpumzike robo saa mwishoni mwa tendo. Msikate kikao kikawa siku mbili. Mchezo unaovutwa kwa siku mbili hurudi kuwa kitabu.

Nakala na kalamu

Kila mtu awe na nakala yake, na nakala zote ziwe za tafsiri moja na toleo moja. Hili likipuuzwa, kikao hufa ndani ya dakika kumi: mmoja anasubiri sentensi ya kumpa zamu, kumbe kwenye nakala ya mwenzake sentensi hiyo imetafsiriwa kwa maneno mengine. Wanaosoma kwenye simu wana tatizo la pili, kwamba kurasa hubadilika kila mtu anapokuza maandishi. Wao watumie namba za matendo na maonyesho, wasitaje ukurasa. Watu wawili kwenye kitabu kimoja pia haifai, kwani wote huinamisha vichwa na sauti zinaishia mezani. Na kumbukeni kwamba maandishi asilia ya Sophocles na Shakespeare hayana hakimiliki tena, ila tafsiri za karne iliyopita nyingi bado zinayo. Kuwa mtandaoni hakumaanishi kuwa ni ya bure.

Kupunguza si kosa. Majumba ya maonyesho humpunguza Shakespeare kila mara, na katika Macbeth kuna sehemu ambazo hata mpenzi wake mkubwa hatalia zikitoka. Onyesho la Hekate katika tendo la tatu liondoeni lote. Wataalamu wengi wanaamini si la mkono wa Shakespeare. Mazungumzo marefu ya Malcolm na Macduff huko Uingereza katika tendo la nne yanaweza kukatwa nusu, mradi mbakize pale Ross anapomletea Macduff habari za mkewe na watoto wake. Kwa jumla yanayokatika salama ni orodha za majina ya watu na miji, wajumbe wanaosimulia tuliyoyaona wenyewe, na mizaha iliyotegemea mambo ya mjini enzi zile ambayo leo inahitaji tanbihi ili ichekeshe. Mzaha wenye tanbihi umeshakufa. Visivyokatwa ni kuingia kwa mhusika mara ya kwanza, barua inayosomwa, na maneno ya mwisho kabla ya mtu kutoka, kwa sababu hayo ndiyo yanayompa mwenzake zamu. Kazi hii aifanye mtu mmoja, kwa penseli, kisha wote wanakili alama zake kabla ya siku ya kikao. Kukata papo kwa papo huwapoteza watu zaidi ya kusoma yote.

Mfalme Edipode msiupunguze. Hauna neno la ziada.

Kugawa wahusika

Chora jedwali. Juu andika maonyesho yote kwa mpangilio, pembeni andika wahusika, kisha weka alama kila mahali mhusika anaposema. Wahusika wawili ambao alama zao hazikutani kamwe wanaweza kubebwa na msomaji mmoja. Ni kazi ya nusu saa, na ndiyo nusu saa yenye faida kubwa katika maandalizi yote.

Katika Macbeth jedwali litakuonyesha mara moja kwamba mke wa Macbeth na mke wa Macduff hawakutani hata mara moja, kwa hiyo mtu mmoja anawatosha. Mfalme Duncan akishauawa, msomaji wake anaweza kurudi baada ya dakika chache tu akiwa mlinzi wa lango aliyelewa, na watu hucheka kabla hajafungua mdomo. Banquo akiuawa katika tendo la tatu, msomaji wake awe daktari katika tendo la tano. Anayeharibu hesabu ni Ross. Anaonekana mdogo, watu humrushia yeyote mwenye nafasi, kumbe huyu bwana anazungumza na Duncan, Macbeth, Banquo, Macduff, mke wa Macduff na Malcolm. Mpeni msomaji wake mwenyewe, na mkitaka kumwongezea, awe mmoja wa wachawi, maana wachawi huwa wameshatoweka kabla Ross hajaingia.

Msifuate jinsia wala umri. Katika Athens na katika London ya Shakespeare wahusika wa kike walichezwa na wanaume na wavulana. Nanyi mna uhuru wa kugeuza upande wowote. Sehemu kubwa kuliko zote mpeni anayesoma haraka na wazi. Mwenye kipaji cha kuigiza asipewe kwa sababu hiyo pekee. Mwigizaji anayeburuta kila neno akililia humaliza pumzi za wote kabla ya tendo la pili.

Kuna kazi moja ambayo husahaulika: msomaji wa maelekezo ya jukwaa. Bila yeye hakuna anayejua nani ameingia wala nani amechomwa kisu. Asisome yote. Asome anayeingia, anayetoka, na kinachofanywa kwa mikono: anampa barua, anachomoa upanga, anaficha fedha. Yale ya “kwa hasira” au “akitabasamu” ayaruke, hayo ni ya msomaji mwenyewe kuyatoa kwa sauti. Yeye ndiye pia mwenye kelele. Katika Macbeth, mara baada ya mauaji, mtu anagonga lango, anagonga, anagonga, na Macbeth na mkewe wana damu mikononi. Ikisomwa “kunasikika mlango ukigongwa” hakuna anayeshtuka. Agonge meza kwa ngumi, katikati ya sentensi ya mtu, bila kuwaonya. Mtaona nyuso.

Siku yenyewe

Kaeni duara, mwanga wa kutosha, simu zisizotumika kusomea ziwe mbali. Tumieni dakika tano kukubaliana majina yatamkwe vipi, kisha asiwepo tena wa kumsahihisha mwenzake. Utangulizi wa kitabu msiusome. Humwaga mwisho wa mchezo na kukuambieni cha kuwaza. Orodha ya wahusika inatosha, na nani ni nani kwa nani iandikwe kwenye karatasi moja kubwa ambayo wote wanaiona.

Robo saa ya kwanza itakuwa mbovu. Sauti zitakuwa za darasani, mtu atasoma sehemu isiyo yake, mwingine atacheka pasipochekesha. Msisimame, msianze upya. Mara nyingi mambo hukaa sawa mtu wa kwanza anapomkasirikia mwenzake ndani ya mchezo.

Tatizo kubwa kuliko yote ni pengo kati ya msemaji na msemaji. Mtu anamaliza, kimya, mwenzake anatafuta mstari, kimya, anaanza. Pengo la sekunde mbili, likirudiwa mara mia kadhaa, linaongeza robo saa ya utupu na kuua kila mzaha. Kanuni ni kuweka kidole kwenye mstari wako unaofuata wakati mwenzako bado anasema, na kuanza anapofika neno lake la mwisho. Katika Macbeth liko jibizano, mara tu Macbeth anapotoka chumbani mwa mfalme na kukutana na mkewe, ambalo ni kipimo kizuri cha kikundi. Kwa maneno mepesi linakwenda hivi: “Hukusema kitu?” “Lini?” “Sasa hivi.” “Niliposhuka?” “Ndiyo.” Ni maneno ya watu wawili wanaoogopa hata sauti zao. Lisomeni polepole, mtapata mazungumzo ya ofisini. Lisomeni kwa kunong’ona na kwa kasi, neno likikanyaga neno, na hamtahitaji mwalimu wa kuwaambia kwamba “taharuki imejengwa”.

Ushairi nao una kosa lake. Wengi husimama mwisho wa kila mstari, wakaimba. Simama penye nukta, vuta pumzi kidogo penye mkato, na mstari usio na alama mwishoni uvuke moja kwa moja hadi ufuatao. Maana hujitokeza yenyewe.

Hotuba mbili za mazishi

Juliasi Kaizari inastahili kutengewa muda, kwa sababu tendo la tatu lina onyesho ambalo darasa huliharibu kuliko yote. Kaizari ameuawa, Bruto anahutubia umati, kisha anampa Antonio nafasi. Hotuba ya Bruto ni nathari, imepangwa kama hoja za wakili. Ya Antonio ni ushairi. Msomaji wa Bruto asiisome kama hotuba ya mtu aliyeshindwa. Wakati huo ameshinda, umati uko naye, na wengine wanataka awe yeye Kaizari mpya.

Antonio anarudia mara kwa mara kwamba Bruto ni mtu mwenye heshima. Msomaji asiyejua hutia kejeli tangu mara ya kwanza, na hapo mchezo umekwisha: hana pa kupandia. Umati huo ungempiga mawe. Mara ya kwanza aiseme kwa unyoofu kabisa, kama mtu anayeomba ruhusa. Ya pili iwe vilevile, ila baada ya kukumbusha jambo jema ambalo Kaizari alilifanya. Shaka iingie masikioni mwa wasikilizaji kwanza, kinywani mwake baadaye sana. Kisha anaonyesha wosia, anakataa kuusoma, wanamsihi, anakataa tena. Hapa kila asiye na sehemu awe raia. Maandishi yana raia wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, lakini wengine wote wagune, wapige meza, wamkatize. Antonio akilazimika kupandisha sauti ili asikike, onyesho limefika lilipotakiwa. Mkisoma onyesho hili peke yake, bila mchezo uliobaki, ni kama nusu saa, na linafaa kwa kikundi kinachojaribu mara ya kwanza.

Korasi za Kigiriki ni kinyume cha umati huo. Msizisome wote kwa pamoja; bila mazoezi hutoka mngurumo usiosikika. Zungusheni duara, sentensi moja kwa kila mtu.

Zile za Ebrahim Hussein

Mashetani kwenye karatasi huwachanganya watu kwa sababu Juma na Kitaru wanaingia katika mchezo ndani ya mchezo, Shetani na Binadamu, na jicho halioni mpaka. Sauti inauona. Wasomaji wawili wasimame wanapokuwa Shetani na Binadamu, wakae wanaporudi kuwa vijana wawili marafiki. Hilo tu. Ugomvi wao wa kitabaka, yule wa familia iliyopoteza mali na yule wa familia iliyoipata, husikika katika namna wanavyotaniana muda mrefu kabla haujatajwa.

Katika Kinjeketile kishawishi ni kupiga kelele mwishoni, Kinjeketile anapoteswa akane kwamba maji yana nguvu, naye anakataa kwa sababu ya yatakayosemwa kwa vizazi vijavyo. Wanafunzi hulisoma kama tangazo la ushujaa. Msomaji ajaribu kulisoma kwa sauti ya chini, kama mtu aliyechoka ambaye amefikiri hadi mwisho wa jambo. Kinjeketile mwenyewe, kabla ya hapo, ameshaogopa neno lililozaliwa kinywani mwake, na mashaka yale hayasikiki mtu akinguruma.

Chekhov ni hadithi nyingine. Mchezo wake wa mwisho, kuhusu shamba la micheri linalouzwa, ulioonyeshwa Moscow mwaka 1904, yeye aliuita komedi, na akalalamika kwamba mwongozaji wake, Stanislavski, ameugeuza kilio. Someni upesi na kwa wepesi. Alipoandika kimya, mnyamaze kweli: hesabuni moja hadi tatu kichwani. Kwa Gogol kimya ni kirefu zaidi, maana mwishoni anaagiza kundi zima ligande kwa karibu dakika moja na nusu. Jaribuni, mkitazama saa. Mtacheka, mtaacha kucheka, kisha mtaanza kujisikia vibaya, na ndivyo alivyotaka.

Baada ya kusoma

Msiulizane dhamira. Ulizaneni nani alidanganya, na uligundua lini; sentensi gani ilikataa kutoka mdomoni; nani angeokoka kama angenyamaza. Dakika ishirini zinatosha.

Baada ya siku kadhaa tafuteni onyesho lililorekodiwa, mtazame bila kitabu mkononi. Afadhali mtazame onyesho moja katika utayarishaji wa namna mbili kuliko mchezo mzima mara moja. Waliosoma Macbeth watafute filamu ya Kurosawa ya mwaka 1957 iliyoihamishia Japani ya zamani: maneno ya Shakespeare hayamo, na bado mtamjua kila mtu.

Asiye na kikundi anaweza kuanza peke yake. Chagua onyesho la watu wawili, kurasa tatu au nne. Rekodi kwenye simu maneno ya mhusika mmoja tu, na penye zamu za mwingine nyamaza kwa muda wa kuyasoma maneno yake kimoyomoyo. Kisha iwashe, simama, ujibu. Mara ya kwanza utachelewa kila zamu. Rekodi upya ukifupisha mapengo, halafu badilisha, uwe yule mwingine.